Mashine Iliyomtaka Administratere

Papa Kalwa tumemzika mwezi uliopita, na katika siku tatu za kilio nimewasikia watu wakimsifu kwa mambo ambayo mengine sikuwahi kuyaona. Mmoja alisema mzee alikuwa na sauti nzuri kanisani. Si kweli, nilikuwa nakaa nyuma yake. Mwingine alisema hakuwahi kukasirika. Nilinyamaza, maana kwenye kilio mtu hasahihishwi, lakini mimi alinikasirikia mwaka mzima na ninamshukuru. Tuliporudi, wajukuu wangu waliniuliza, "Nkambo, yule mzee alikuwa nani kwako?" Nikawaambia alikuwa daktilo. Hawakujua daktilo ni nini. Nikaeleza kwamba ni mtu wa kupiga mashine ya kuandika, kazi ya vidole kumi, na kwamba zamani biro, yaani ofisi, bila daktilo ilikuwa kama nyumba bila jiko. Wakacheka, wakarudi kwenye simu zao. Basi nimeona niandike mwenyewe, kwa sababu wanaomsifu hawajui siku aliyokaribia kupoteza kiti chake, na anayejua ni mimi, niliyekuwa ninafagia chini ya kiti hicho.

Habari za wazazi wangu nitaziruka, kila mtu amezaliwa. Mwaka ninaousema ni ule wa kabla ya vita, nchi ikiitwa bado Zaire. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu hivi, nimefika darasa la pili na kutoka. Nilikuwa mfanyakazi wa usafi katika depo ya dawa hapa Kalemie, juu kidogo ya bandari. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilijaa makartoni na harufu ya klorini hadi macho yanatoka machozi. Cha pili kilikuwa cha Docta, mkuu wetu, na kilifungwa muda mwingi kwa sababu Docta alikuwa mtu wa safari. Cha tatu kilikuwa cha Papa Kalwa, na dirisha lake liliangalia reli. Asubuhi nilifagia, nikapiga sakafu maji, nikawasha mbabula, jiko la makaa, uani, nikachemsha chai. Saa sita nilipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, na tulikula wote, Docta akiwepo au asipokuwepo, Papa Kalwa akiweka kitambaa cheupe magotini kama padri. Baada ya chakula wengine walisinzia. Sisi wawili tulisoma. Ilianza siku aliyokuta nimepanga barua zake kichwa chini, miguu juu. Hakunitukana. Alisema tu, "Muntu hawezi kupanga barua kichwa chini katika biro yangu," na kesho yake akaniletea kaye, yaani daftari, na kalamu. Yeye alikuwa na kalamu yake, bik nyekundu, na rula ya mbao. Kosa la kwanza lilipata wino. Kosa lile lile mara ya pili lilipata rula, hapa juu ya vidole.

Kompyuta ilikuja na ndege, na fundi wake kutoka Bukavu, mtu wa makamo aliyeitwa Bahati. Sisi tulisema ordinatere. Aliiweka kwenye meza ya Papa Kalwa, kando ya mashine yake ya kuandika, na nikapewa kazi mpya ya kuifunika kwa kitambaa kila groupe, yaani jenereta, ilipozimwa. Ilikuwa moja kwa watu watatu: Docta, Papa Kalwa, na Mama Feza, muuguzi aliyeshika mambo ya chanjo na phonie, ile redio ya kuongea na vituo vya mbali. Kila mmoja alipewa jina la kuingilia na neno lake la siri. Fundi Bahati alieleza vizuri, hata mimi niliyekuwa ninapangusa dirisha nilielewa. Alisema, "Ninyi ni wapangaji. Mpangaji analala, anapika, anaweka vitu vyake. Lakini kuongeza mlango au kuvunja ukuta, hapana. Hiyo ni ya mwenye nyumba." Mwenye nyumba alikuwa nani, hakusema, na hakuna aliyemuuliza, maana alisema atarudi baada ya mwezi. Hakurudi. Ndege zilikuwa haba. Badala yake ikaja bahasha ya disketi kumi na moja: programu ya dawa, ya kujua kila kartoni inayokwenda Moba, Kirungu au Kabimba.

Siku hiyo tulisimama wote nyuma ya Papa Kalwa. Aliingiza disketi ya kwanza. Mashine ikanguruma kama mbwa mwenye mfupa, kisha ikanyamaza, na maneno yakatokea katikati ya kioo. Papa Kalwa aliyasoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kusomea Injili.

"Hauna haki za kutosha kwa kuingiza programu hii. Umuone administratere wako."

"Ee!" Mama Feza alisema. "Mashine iko inakuambia wewe Papa Kalwa hauna haki?"

"Si mimi peke yangu. Ingia kwa jina lako, uone."

Mama Feza akaingia. Ikamjibu vile vile.

"Sasa hapa ndani nani njo iko na haki?"

"Njo nauliza," Papa Kalwa alisema, yaani hilo ndilo swali.

Wasomi wa leo watacheka. Lakini sisi tulikuwa tumeishi miaka mingi tukiambiwa hatuna haki na watu wenye kofia, kwenye vizuizi, bandarini, mlangoni mwa kila biro. Kuambiwa na sanduku lilikuwa jambo jipya, lakini maneno hayakuwa mapya. Tuliyajua. Mtu akiambiwa hivyo hakuwa anauliza kwa nini. Alikuwa anauliza ni nani wa kuonwa.

Walijaribu wiki nzima, kila groupe ilipowaka. Jumamosi nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido na kitambaa cha sakafu, na Docta akasimama na Mama Feza mlangoni mwa chumba cha pili. Mtu anayepangusa sakafu haonekani, nimejifunza hilo mapema.

"Feza, mimi nakwenda Lubumbashi wiki mbili," Docta alisema. "Nikirudi nikute programu haijaingia, nitakuja na kijana anayejua hizi mashine. Kalwa apumzike."

"Docta, Papa Kalwa ana miaka makumi mbili hapa."

"Njo maana nimesema apumzike. Sijasema afukuzwe."

Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilipoingia chumba cha tatu, Papa Kalwa alikuwa anasugua mashine yake ya kuandika, herufi moja moja, kwa brashi ya meno.

"Mauwa, chai yangu iko wapi?"

"Iko mbele yako, Papa."

Akaiangalia kama kitu kilichotoka ziwani. Nikajua amesikia. Mzee huyu hakuwa na shamba wala mtumbwi. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa shamba lake, na vilikuwa vinaambiwa vipumzike.

Jumatatu alikuja amenyoa ndevu vizuri na amevaa koti. Akasema amefahamu. Mnakumbuka, alisema, phonie yetu ilivyokamatwa mwaka juzi kwa sababu haikuwa na ruhusa ya serikali? Ilifungiwa miezi miwili mpaka karatasi ikapigwa muhuri. Na hii ordinatere ilishuka kwenye ndege, haikuonyeshwa mahali popote. Inasema yenyewe tumuone administratere. Siku zile mkuu wa serikali hapa aliitwa Kamisere wa Zone, lakini wazee walikuwa bado wanamwita Administratere, jina la wakati wa Wabelgiji. Mama Feza alisema inawezekana. Mimi pia niliona inawezekana. Nani kati yetu angejua kwamba ndani ya sanduku kuna cheo kama cha mtu?

Alipiga barua kwenye mashine yake ya zamani, na karatasi ya kaboni, bila kosa hata moja. Nilikwenda naye kubeba faili. Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima, na sekretere wa zone, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasoma mara mbili.

"Papa, munaomba mukubwa aruhusu ordinatere ipokee programu?"

"Ndiyo. Mashine yenyewe imemutaja."

"Imemutaja kwa jina?"

"Kwa cheo."

Sekretere aliinuka, akaenda kuongea na mwenzake chumba cha jirani. Nikasikia, "Kama imemutaja, tutakatala namna gani?" Siku ya tatu karatasi ilitoka: hakuna kizuizi. Muhuri wa mviringo, saini, namba.

Msidhani Papa Kalwa aliionyesha mashine ile karatasi. Hakuwa mpumbavu. Alifikiri kama daktilo: kila ruhusa ina namba, na mashine inaomba jina na neno la siri. Kwa hiyo kwenye jina aliandika ADMINISTRATEUR, na kwenye neno la siri aliandika namba ya ile barua. Ikakataa. Akaiandika pamoja na vistari. Ikakataa. Akaongeza mwaka.

"Labda inataka mukubwa akuje mwenyewe," Mama Feza alisema.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Papa Kalwa alikuwa anafikiria jambo hilo.

Kumbe tungemtafuta fundi tangu mwanzo, lakini Bukavu ilikuwa vigumu kuipata hewani. Tuliipata siku ile ile ambayo treni ya Docta ilisemekana imetoka Kabalo, ataingia jioni. Phonie iliwashwa saa mbili asubuhi, wakati vituo vyote vinasikiliza: Moba, Kirungu, Kabimba, misheni na dispensari zote za kando ya ziwa. Papa Kalwa alishika mikrofoni kwa mikono miwili, akaeleza yote kwa utaratibu, barua, benchi, muhuri, namba. "Na mpaka sasa inakatala," alimaliza. "Avu." Ndivyo walivyosema hewani, kumpa mwingine nafasi. Palikuwa na kelele za upepo. Halafu mtu akaanza kucheka, mbali, na mwingine akamfuata.

"Moba hapa! Papa Kalwa, mumemupelekea Administratere mashine, ao mumeipelekea mashine Administratere? Avu!"

"Kirungu tunauliza, mashine ilimupigia saluti? Avu!"

Shingo ya Papa Kalwa ilikuwa mbele yangu, kola yake imepigwa pasi, na niliona mishipa. Nimeishi, nimezika, nimekimbia vita na kurudi. Kuona mtu mzima anachekwa na ziwa zima kwa kosa la kuwa mtiifu, hicho bado ni kitu ambacho sipendi kukikumbuka. Hakuweka mikrofoni chini. Alisubiri kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri mvua chini ya paa la mwingine.

Fundi Bahati hakucheka. "Papa, kosa ni langu," alisema. "Administratere ni jina tu la mwenye nyumba ndani ya mashine. Ni mimi. Avu."

"Basi utupatie neno la siri. Avu."

"Hapa hewani siwezi, masikio ni mengi na munajua muko na dawa ndani. Lakini neno liko pale kwenu. Ni lile Mama Mauwa aliniandikia. Kama alivyoliandika yeye, Papa, si kama unavyoandika wewe. Avu."

Halafu upepo ukamchukua. Papa Kalwa na Mama Feza wakageuka, wakaniangalia mimi niliyesimama mlangoni na sufuria ya chai.

Nieleze. Siku ya mwisho ya fundi yule nilimchomea samaki anayeitwa mukebuka, na chumvi na pilipili tu. Alikula wawili, akalamba vidole, akauliza jina lake. Nilipomtajia alinipa kipande cha karatasi. "Uniandikie, bibi yangu wa nyumbani, mke wangu, ataniuliza." Nilikuwa na miezi miwili tu ya kusoma. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniomba nimwandikie kitu. Niliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Akaangalia, akatabasamu, akaikunja akaiweka mfukoni. Nilidhani anatabasamu kwa sababu ya shibe.

"Ulimuandikia nini?" Papa Kalwa aliuliza.

"Mukebuka, Papa."

Saa tatu groupe ikawashwa. Akaandika MUKEBUKA. Ikakataa. Akaandika kwa herufi ndogo, akaandika kwa Kiswahili cha Kigoma, mgebuka. Ikakataa. Akanisukumia karatasi. "Andika wewe." Nikaandika: mukebuka. Safi, bila kosa.

"Hapana. Andika kama ile siku."

"Ile siku siiwezi tena, Papa. Ulinipiga rula mpaka ikatoka."

"Ulikosea namna gani?"

"Kama ningejua ninakosea, ningekosea?"

Alifunga macho. Nilifikiri atatafuta rula. Akafungua macho akasema, "Kaye ya kwanza iko wapi?"

"Nyumbani."

"Kimbia."

Nilikimbia na kitenge mkononi, na pale sokoni wanawake walikuwa wameshapata habari, maana phonie ilisikika hata kwa misheni. "Mauwa! Administratere anakuita?" Sikuwajibu. Kaye niliikuta chini ya godoro, nikarudi pumzi imeniisha. Papa Kalwa aliifungua ukurasa wa kwanza. Ilikuwa nyekundu yote, kama mtu amechinjia kuku juu yake. Alianza kusoma makosa yangu kwa sauti, na sijui kama niliwahi kuona aibu zaidi. Kalamu nilikuwa nimeandika KLAMU. Kazi, KZI. Kaka yangu, maskini, alikuwa KK, herufi mbili tu, na wino mwekundu umemzunguka.

Papa Kalwa alirudisha kidole kwenye neno la kwanza. Akarudia ukurasa ule.

"Mimi nilikufundisha kwa Kifaransa," alisema. "Nilikuambia hii inaitwa 'ka'."

"Ndiyo, Papa. K ni 'ka'. Basi A ya nini?"

"A ya nini," alisema, taratibu, kana kwamba swali hilo limemfikia leo. Miezi ile yote alinipiga bila kuuliza nilikuwa ninafikiri nini, na nilikuwa ninafikiri sawasawa. Nilikuwa nimeshika alichonipa, nikakifuata hadi mwisho, kama yeye alivyomfuata administratere hadi kwenye benchi. Hakusema hivyo, na mimi pia sikusema. Lakini aliichukua bik nyekundu kutoka mfuko wa shati, akaiweka mezani.

Akaanza kuandika, kidole kimoja, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. M, U, K, E, B, U, K. Kidole kikaenda chenyewe juu ya A, kikasimama pale. Miaka ishirini ya kuandika vizuri. Akakivuta.

"Vidole vyangu vinakatala kuacha neno hivi," alisema. "Bonyeza wewe."

"Wapi, Papa?"

"Hapa. Kile kikubwa."

Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha kikajaa picha ndogo ndogo ambazo hazikuwepo kabla. Mama Feza, aliyesimama nyuma yetu, akapiga kigelegele kilichofika chumba cha makartoni. Papa Kalwa akasema, "Kimya, hatujamaliza," akaingiza disketi ya kwanza, na ikapita. Zilipita zote kumi na moja. Ya saba ilikwama, akaitoa, akaifuta kwa kile kitambaa chake cha magotini, ikapita. Siku hiyo sikupika. Tulikula mikate ya jana na chai, tumesimama, na mazuti, yaani dizeli ya groupe, ilibaki kidole kimoja ndani ya tanki.

Treni ilichelewa, na Docta aliingia asubuhi iliyofuata na vumbi lake kichwani. Alikuwa peke yake. Kama alikuwa na kijana aliyemwacha njiani au aliyemwandikia barua, sikujua wala sitajua. Papa Kalwa alimwekea mezani orodha ya kwanza, dawa za Kirungu, imechapwa, pembe zimelingana. Docta aliisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili.

"Ah. Bon," alisema, yaani haya, vizuri. Akaomba chai.

Ni hayo tu. Mtu anaweza kukutoa roho kwa wiki mbili, halafu akakurudishia kwa maneno mawili, bila kujua alikuwa ameichukua. Papa Kalwa alisema, "Asante, Docta," akarudi chumba cha tatu, akafunga mlango. Nilimwachia nusu saa. Nilipoingia na ndoo, macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa amekaa wima, na kando ya kiti chake kulikuwa na kiti kingine, cha kwenye korido, ambacho hakuna aliyewahi kukiingiza mle.

"Kaa."

"Papa, nina sakafu."

"Sakafu haiendi popote. Hii mashine inapaswa kujulikana na watu wawili. Nikiumwa?"

"Mama Feza yuko."

"Nimemuita Mama Feza?"

Niliangalia mikono yangu, ilikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikaisuuza ndani ya ndoo, nikaikausha kwa kitenge, upande mmoja na wa pili, nikakaa.